Uzi wa wanaokimbia baridi na RV (gari au tela la kulala ndani) kwenda Arizona: kutembea jangwani mchana, na namna ya kurudi

MtuWaKolo (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu. Huu uzi niliuahidi tangu msimu uliopita, leo upepo umetulia nimekaa nje ya tela chai ipo pembeni, ngoja niandike. Nitaandika kwa vipande maana mtandao huku unakuja na kuondoka.

Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Kondoa, nipo Minnesota mwaka wa 22 sasa, nimeendesha malori mpaka mgongo ukakataa, na mke wangu amelea wazee wa watu zamu za usiku miaka yote hiyo. Huu ni msimu wa nne tunakimbia baridi. Krismasi ikipita tunafunga nyumba, tunavuta tela letu kwa pikapu siku nne mpaka Quartzsite, mji mdogo wa jangwani Arizona, tunarudi mwisho wa Machi. Januari kule kwetu inaweza kushuka mpaka nyuzi 25 chini ya sifuri, huku mchana unapata nyuzi 18 hadi 20 na jua, usiku inashuka sana na kuna asubuhi tunakuta barafu nyembamba kwenye beseni la kunawia.

Kuhusu kupaki niseme haraka tu. Ardhi ya hapa La Posa, kambi yetu hapa Quartzsite, ni ya serikali kuu, inasimamiwa na BLM, idara yao ya ardhi. Nilipolipa mara ya mwisho kibali kilikuwa dola 180 kwa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 mpaka Aprili 15, au dola 40 kwa wiki mbili. Kuna pa kuchota maji, pa kumwaga majitaka na pa kutupa taka. Umeme hakuna, unajitegemea na sola na betri zako. Hayo yapo kwenye nyuzi nyingine watu wameshayaeleza vizuri.

Mimi nataka tuongelee kutembea. Inaniuma kuona mtu amevuta tela maili zaidi ya elfu moja na mia saba, anakaa ndani miezi mitatu anaangalia tivii, kutoka kwake ni mpaka kwenye mabanda ya mitumba tu, Machi anarudi zake hajawahi kukanyaga mlima ambao anauona dirishani kila siku. Na inaniuma vilevile kuona mwingine anatoka na kandambili na kachupa kamoja ka maji saa tisa alasiri. Huyo wa pili ndo mimi msimu wa kwanza, kwahiyo naanza na hicho kisa.

Siku ya tatu tangu tufike nikamwambia mke wangu naenda kunyoosha miguu, nusu saa tu. Nyuma ya tela kuna korongo la mchanga, pana kama barabara ya kijijini, kingoni kuna miti ile ya palo verde ambayo hata gome lake ni la kijani. Nikaingia nikaanza kushuka nalo. Mchanga laini, kivuli kipo, kware wanakimbia mbele yangu na kile kishungi chao kinatikisika kichwani, yaani nikasahau kila kitu. Nilipokuja kuangalia saa nimetembea saa nzima. Nikageuka. Dakika kumi hazijapita nakuta korongo limegawanyika. Nikasimama, maana panda hii sikuiona wakati nakuja. Nikashika la kulia. Mbele tena panda. Nikashika la kulia tena.

Hapa naomba mtu asome taratibu kwasababu mimi niliyekulia kwenye makorongo ya Kondoa sikuwa nimewahi kulifikiria hili. Makorongo yanaungana kuelekea chini, kama vijito vinavyoingia mtoni. Ukishuka nalo mbele yako unaona njia moja tu, yale mengine yanaingilia nyuma ya bega lako huyaoni. Ukigeuka kupanda ndo yote yanakuja usoni, kila baada ya hatua kadhaa ni panda na kila panda inafanana na mwenzake. Ukianza matembezi kwa kupanda inakuwa kinyume chake, kazi yote ya kuchagua unaimaliza mwanzoni ukiwa na nguvu na maji, halafu kurudi ni mteremko na kila korongo linakurudisha kwa mama yake.

Nikapanda ukingoni nitazame. Naona matela meupe mamia yametapakaa bondeni, yote rangi moja, la kwangu lipi sijui. Jua likazama, baridi ikaanza kupanda toka ardhini. Nilifika giza limeshaingia, nimepitia matela ya watu nauliza kama mtoto aliyepotea sokoni. Mke wangu alikuwa amewasha taa zote amesimama mlangoni na tochi. Hakusema neno, alinipa maji. Kesho yake alichukua kanga yake nyekundu akaifunga kwenye mti wa fagio akausimamisha kwenye ngazi ya nyuma ya tela, na mpaka leo ipo, ukiwa juu ya vilima vya mashariki unaiona ikipepea hata kama matela ni mengi kiasi gani.

Tangu siku hiyo kila matembezi nayapanga kuanzia kurudi. Nitarudi saa ngapi, kwa njia ipi, na maji kiasi gani. Hayo nikiyajua ndo naangalia nitafika wapi.

Nikirudi kipande kijacho nitaongelea maji na saa.

KijanaWaHai

Mkuu nipo siti ya mbele kabisa. Mimi nipo Des Moines nina mpango wa kununua tela dogo la kuvuta mwakani. Hilo la korongo sijawahi kulisikia popote. Sasa maji, huku watu wanasema lita moja inatosha kwasababu ni winta, hakuna joto. Wewe unasemaje?

MtuWaKolo

Kijana wangu, lita moja haitoshi, na winta ndo inadanganya zaidi. Kiangazi jua likikupiga utakunywa tu hata hujaambiwa. Winta hewa ya huku ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujalihisi, shati kavu, unajiona upo sawa. Vua kofia uangalie ndani ule utepe wa paji la uso, utakuta mstari mweupe wa chumvi. Hiyo chumvi ilitoka na maji ambayo hukuyarudisha.

Hifadhi za huku zinashauri galoni moja kwa mtu kwa siku, hiyo ni kama lita 4. Sisi kwa matembezi ya saa tatu kila mmoja anabeba lita 3 na tunazigawa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya balaa. Theluthi ya kwanza ikiisha tunageuka, hata kama kilele kipo pale pale tunakiona. Mke wangu kwenye hili hana mjadala na mimi nimeshaacha kubishana naye. Na kwenye pikapu tunaacha dumu la galoni 7 limejaa, kwasababu ukirudi pale ulipopaki bado hujafika nyumbani, gari likigoma kuwaka unaweza kulala hapo.

Chukua pia kitu cha chumvi. Karanga za kukaanga na chumvi zinatosha, huhitaji vinywaji vya bei.

Sasa saa. Desemba na mapema Januari jua la Arizona ya kusini linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni, na ukiwa ndani ya bonde lenye kuta linakutoka mapema zaidi. Likishatoka joto linaanguka kama jiwe. Mimi natoka saa mbili asubuhi, saa nane niwe nimeshageuka popote nilipo.

Na kuna kitu kimoja cha hapa Quartzsite ambacho kimewachanganya wengi. California ipo umbali wa maili 20 hivi, na winta wao wapo nyuma yetu saa moja. Ukitembea karibu na mto Colorado simu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo na saa ikajirudisha yenyewe. Unaangalia simu unaona una saa nzima ya mwanga kumbe huna. Vaa saa ya mkononi.

BintiVuga

Assalaam alaykum wote, na shikamoo mzee. Mimi nipo Muscat, jangwa lenu silijui ila nimesoma habari ya makorongo nikasisimka mwili. Huku kwetu tunayaita wadi. Msimu wa kutembea ni huu huu, Oktoba mpaka Aprili, watu wanapanda Jebel Shams kule kwenye njia ya ukingoni, wengine wanaenda Wadi Shab. Na kila mwaka wadi zinachukua watu. Mvua inanyesha mlimani, ulipo wewe jua linawaka, ghafla unasikia mngurumo kama lori. Huko kwenu vipi?

MtuWaKolo

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Huku ni hivyo hivyo. Jangwa hili la Sonora linapata mvua misimu miwili, ile ya kiangazi ya radi na hii ya winta ambayo ni ya taratibu ila inaweza kunyesha siku nzima milimani. Mtu wa Dodoma au Kondoa anaelewa, sisi tunasema korongo limeshuka. Ulipo pamekauka kabisa na maji yanakuja na magogo. Kwahiyo kila asubuhi naangalia utabiri wa kule milimani, wa hapa tulipo naufuata baadae. Na tela sipaki ndani ya korongo hata kama mchanga umenyooka vizuri namna gani, kuna watu wanapaki wanasema ni tambarare. Ni tambarare kwasababu maji ndo yaliyolisawazisha.

Halafu dada yangu wa Oman nikupe hii utaipenda. Hapa Quartzsite kwenye makaburi kuna piramidi ya mawe na juu yake ngamia wa shaba. Ni kaburi la mtu aliyeitwa Haji Ali, Wamarekani walishindwa kulitamka wakamwita Hi Jolly. Aliletwa miaka ya 1850 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani liliwanunua wabebe mizigo jangwani. Huo mpango ulikufa, yeye akabaki huku mpaka alipofariki mwaka 1902. Kila msimu tukifika tunaenda pale namsomea Fatiha, sijui kama kuna wengine wengi wanaomsomea.

BintiVuga

Mashaallah mzee. Mungu akulipe. Na hiyo kanga ya bibi jina lake nini?

MtuWaKolo

HAKUNA KAMA MAMA. Ilikuwa ya marehemu mama yake.

Ilongero

Mzee heshima yako lakini mimi nataka kuuliza kwa moyo safi kabisa. Nimekulia Singida, nimechunga mbuzi kwenye miiba na vumbi mpaka darasa la saba. Nikaja Marekani nikasema basi, vumbi nimeliacha. Sasa mtu mzima na akili zake anakwenda kutembea jangwani kwa hiari na anatumia hela? Unaona nini huko?

MtuWaKolo

Swali zuri na nitalijibu kwa kirefu maana mke wangu aliniuliza hivyo hivyo.

Kuna mmea huku unaitwa saguaro, ule mkaktasi mrefu wenye mikono ambao umeuona kwenye picha. Mara ya kwanza nilipousogelea nilikuta mwili wake wote una mikunjo ya kwenda juu, kama sketi ya marinda ya wanafunzi. Nikaja kujua kwamba mvua ikinyesha mizizi yake inafyonza, na yale marinda yanafunguka, mmea unanenepa. Kiangazi unavyotumia maji yanajikunja tena. Mimi nikaona mbuyu. Ni mbuyu kabisa, umevaa vingine tu, kazi ni ile ile ya kuweka maji tumboni kungoja siku mbaya.

Na unakua polepole kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Miaka minane ya kwanza unaweza usizidi inchi moja na nusu, kidole gumba hiki. Mkono wa kwanza unachipua ukiwa na miaka 50 hadi 75, sehemu zenye ukame zaidi unaweza kufika hata 100. Kwahiyo ule wenye mikono sita ulikuwepo kabla babu yangu hajazaliwa. Na karibu kila mdogo ukiuangalia vizuri umeota chini ya mti mwingine, palo verde au ironwood, ambao uliukinga jua na baridi ulipokuwa mchanga. Unakuta mkubwa umesimama na pembeni yake kigogo kikavu cha mti uliomlea, umeshakufa. Mke wangu alisimama mbele ya huo mti muda mrefu sana. Yeye ndo aliyeacha kuniuliza kwanini tunatembea.

Watu wenyewe wa hii ardhi, Tohono O'odham, wanauhesabu saguaro kama mtu. Matunda yake wanayaangua mwezi wa sita kwa upondo mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro aliyekufa. Ukijua hilo ukapita katikati yao unatembea tofauti, hata sauti unashusha.

Halafu kuna Signal Hill, upande wa magharibi wa hifadhi ya Saguaro, nje ya Tucson. Kijia kifupi, hata nusu maili haifiki. Juu kwenye mawe meusi kuna michoro iliyogongwa na watu wa kale wanaoitwa Hohokam, wanyama, watu, na duara kubwa la kuzunguka kama konokono. Mimi ni mtu wa Kolo, kule Kondoa. Nimekua naona michoro ya mawe kwenye mapango yetu, watoto tulikuwa tunapelekwa na shule. Nikakaa pale nikatoa machozi, sioni aibu kusema. Mtu alikuwa na jiwe mkononi, anagonga, jua hili hili, na ukiwa pale jiwe lina joto la mchana ukiliegemea. Usiyaguse tu yale yenye michoro, mafuta ya mikono yanaharibu.

Mbuzi ulikuwa unawachunga ukiwa mtoto bwana Ilongero, macho yako yalikuwa kwa mbuzi. Njoo siku moja uangalie bila mbuzi.

Ilongero

Nimekuelewa mzee. Nimesoma mara mbili.

NesiPhoenix

Naomba niongezee mawili matatu kama mtu ninayeishi huku na kufanya kazi hospitalini.

La kwanza kuna ugonjwa unaitwa Valley fever. Ni fangasi anayeishi kwenye udongo wa Arizona na sehemu za California, upepo ukitimua vumbi unavuta mbegu zake. Wengi hawaumwi au wanapona wenyewe, ila wengine wanapata kikohozi, homa, uchovu wa wiki nyingi, inafanana na nimonia. Sisi watu weusi tupo kwenye hatari kubwa zaidi ya ile aina kali inayosambaa mwilini, pamoja na wenye kisukari, wajawazito na wenye kinga ndogo. Haiambukizi mtu kwa mtu. Kwahiyo siku ya upepo na vumbi usitoke, na ukirudi Minnesota au Ohio ukaanza kukohoa mwambie daktari mapema kwamba ulikuwa Arizona, apime. Kule hawauoni mara kwa mara, wanaweza kukupa antibayotiki ukazunguka nazo miezi.

La pili makaratasi. Ukienda kusini karibu na mpaka wa Mexico, kwa mfano hifadhi ya Organ Pipe, kuna vizuizi vya askari wa mpakani barabarani, wanakuuliza uraia. Mwenye green card sheria inamtaka atembee nayo akishafika miaka 18. Usiiache kwenye droo ya RV eti unaenda kutembea tu.

La tatu chukueni kitana. Mzee ataeleza.

MtuWaKolo

Asante sana Nesi, hilo la kwanza nilitaka kuliandika ila wewe umeliweka kitaalamu. Kuna jirani yetu hapa lilimkuta, alikohoa kuanzia Aprili mpaka Julai.

Kitana sasa. Kuna kaktasi inaitwa cholla, ile fupi inayoonekana kama ina manyoya ya dhahabu, jua likiwa nyuma yake inang'aa unatamani uiguse. Vipande vyake vinaachia kirahisi mno, ukipita karibu kinakung'ang'ania, ndo maana wanaiita inayoruka. Msimu wa pili kipande cha ukubwa wa yai kilinidaka kwenye shavu la mguu juu ya soksi. Kwa akili ya haraka nikakishika nikitoe. Sasa kipo mguuni na kipo vidoleni. Miiba yake ina vinyweleo vinavyorudi nyuma kama ndoana, ukivuta taratibu inabeba na ngozi. Mke wangu akanikalisha kwenye jiwe akaingiza meno ya kitana katikati ya kile kipande na ngozi, akashika vizuri akarusha kwa nguvu mara moja, kikaruka mita tatu. Ilibaki miiba kumi na kitu akaing'oa mmoja mmoja kwa koleo ndogo ya nyusi huku nimeuma kofia. Kitana kipana cha plastiki na kijikoleo, bei yake dola mbili tatu, viwe mfukoni siku zote. Na suruali ndefu nene, kaptura achana nayo.

Wanjiru_wa_Denver

Niaje wazee. Sisi tumekuja na RV ya kukodi wiki mbili, tuko hapa hapa La Posa upande wa kusini. Mimi na mzee wangu, yeye ana 66, magoti yanamsumbua na pressure anakunywa dawa. Nyoka naziogopa sana. Tuanzie wapi?

MtuWaKolo

Karibuni sana mama, kumbe ni majirani. Tafuteni kanga nyekundu, chai ipo.

Nyoka aina ya rattlesnake, wale wenye mkia unaolia kama njuga, winta wengi wamejificha mashimoni wamelala, ila siku ya joto anaweza kutoka kuota jua kwenye jiwe. Usiweke mkono wala mguu mahali usipopaona, usikae jiweni kabla hujaangalia nyuma yake, na ukisikia zile njuga simama kwanza ujue zipo wapi, halafu rudi nyuma taratibu. Misimu minne nimemuona mmoja tu. Mimi naogopa zaidi mashimo. Milima ya hapa ilichimbwa dhahabu, hata jina la hifadhi ya Kofa limetoka kwenye mgodi wa King of Arizona. Wanaojua maduara ya kwetu Geita wanaelewa: shimo halina uzio, majani yameota mdomoni, na hewa ndani inaweza kuwa mbaya. Usichungulie.

Kuanza, nendeni Palm Canyon ndani ya Kofa. Mnashuka barabara ya 95 kusini maili 18, mnakata kushoto, maili 7 za changarawe mpaka mwisho, RV iacheni kambini mwende na gari dogo, mkikosa gari sisi tutawapeleka. Kijia ni nusu maili tu kwenda. Kina mawe na kinapanda, kwahiyo mzee achukue fimbo mbili na apumzike kila anapotaka, nusu maili hiyo sisi inatuchukua dakika 40. Mkifika angalieni kushoto juu, kwenye ufa mwembamba wa mlima kuna minazi... samahani, ni mitende-pori ya California, imejibana pale ndani ambapo jua linaingia mchana kwa muda mfupi tu. Mkiwahi sana mtaikuta gizani. Fikeni pale kama saa tano na nusu. Kutambaa mpaka kwenye ufa wenyewe msijaribu, pale mtakapoona bango panatosha. Angalieni na kondoo wa milimani wale wenye pembe za kujikunja, wapo, rangi yao na jiwe ni moja mpaka atikisike.

Mkipata nguvu siku nyingine, Borrego Palm Canyon kule hifadhi ya Anza-Borrego, California, maili 3 kwenda na kurudi, kambi ipo pale pale mwanzo wa njia na ina sehemu za RV. Kwa Tucson kuna kambi ya Gilbert Ray, ina umeme, na Signal Hill niliyosema ipo karibu.

Ambayo siwashauri nyie ni Picacho Peak kwa njia ya Hunter. Watu wanaiona toka barabara ya I-10 wanasema kilima hicho, mita 1,028 tu. Ile njia inapanda mpaka begani mwa mlima, halafu inashuka upande wa pili kwa kushika nyaya za chuma, ndo inapanda tena kileleni. Maana yake wakati wa kurudi, miguu imeisha, unapanda tena kile ulichoshuka. Niliifanya mara moja nikiwa na glavu za kazi na nilishukuru Mungu nilipoliona gari.

Dawa za presha baadhi zinakamua maji mwilini, muulize Nesi hapo juu kabla hamjatoka.

NesiPhoenix

Wanjiru nimekutumia ujumbe pembeni, nitajie majina ya dawa.

KijanaWaHai

Mzee na simu? Ramani si zinatosha?

MtuWaKolo

Ramani ishushe kwenye simu ukiwa kambini, huko mtandao hakuna. Weka simu kwenye hali ya ndege isimalize betri kutafuta minara, na isikae mfuko wa nje asubuhi, baridi inaila betri. Na bado andika karatasi: tumeenda wapi, kwa njia ipi, tutarudi saa ngapi, mkituona hatupo saa fulani piga 911. Sisi tunampa jirani, bibi mmoja wa Kanada. Tukirudi lazima tumgongee mlango tumwambie tumefika, hata tuwe tumechoka vipi. Mara moja tulisahau tukalala, akaja na tochi saa mbili usiku kutuangalia kama tupo. Niliona aibu sana.

Kesho sisi tunaenda Organ Pipe siku tano, huko mtandao hautakuwepo. Kanga tumemwachia huyo bibi ashikilie nafasi yetu, na Wanjiru mama karatasi yenu mpeni yeye.

Wanjiru_wa_Denver

Tumerudi saa nane kasoro. Mzee aliketi mara nne, mara ya mwisho akasema wewe enda niko sawa, nikakataa, tukangojana. Tulipofika kwa bango hatukuona kitu, ni kivuli tu. Tukangoja kama dakika kumi, jua likaingia kwa ile ufa, mitende ikawaka kijani yote mara moja. Mzee alitoa kofia. Maji tumerudi na chupa mbili kubwa zimejaa kati ya sita. Nimegongea yule nyanya wa Kanada nikamwambia tumefika, akakata jina letu kwa karatasi yake.